Mwalimu Sikujua

Mara ya kwanza kulikuta jina lake nilidhani ni sentensi. Nilikuwa maktabani, mbele yangu kitabu cha Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka, kile kilichotoka mwaka 1979, na kwenye daftari nilikuwa nimenakili kwa haraka maneno mawili: Mwalimu Sikujua. Jioni nilipolifungua daftari chumbani nikajiuliza ni lini nilianza kumwandikia mwalimu wangu radhi. Mwalimu, sikujua. Sikujua nini? Ilinibidi nirudi maktabani kesho yake ndipo nikumbuke kuwa lile ni jina la mtu: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, kwa sababu miezi hiyo sentensi ile ilinifaa mimi kuliko mtu yeyote.

Miezi minane kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepeleka mswada wa hadithi fupi kumi na moja kwenye shindano moja. Nilikuwa nimeziandika kwa miaka mitatu, nyingine kwenye matatu, nyingine usiku umeme ukiwa umekatika. Orodha ya walioteuliwa ilitoka siku ya Alhamisi usiku. Niliisoma mara nne, kama mtu anayedhani jina lake limejificha nyuma ya jina la mwenzake. Halikuwemo. Baada ya hapo sikuandika tena hata barua. Niliendelea na shahada ya uzamili ya historia kwa sababu karo ilikuwa imeshalipwa.

Sikuona kuwa nimeumia. Nilijiambia kuwa nimekuwa mkweli: kama kazi haina pa kufika, ya nini kuifanya? Swali hilo lilionekana la busara sana. Ilichukua muda, na watu wawili waliokufa zamani, kulitambua lina kasoro gani.

Wa kwanza ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi Mombasa kuanzia miaka ya 1770 hadi 1840 hivi. Zama zake mji ulikuwa chini ya Wamazrui, waliotawala kutoka Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili uliotufikia kutoka kabla yake ni tenzi ndefu za dini na maonyo. Muyaka alilichukua shairi la ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, akalijaza mambo ya mtaani: biashara, mapenzi, urafiki ulioharibika, uhaba wa pesa, siasa za mji. Wanaolifuatilia somo hili husema aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Msemo huo una chumvi kidogo, lakini ladha yake ni sahihi.

Mashairi yake mengi yalikuwa na mtu aliyekusudiwa. Mwaka 1812 hivi Mombasa na Pate zilikwenda kupigana na Lamu, na vita vile vikaisha kwa kushindwa vibaya pale Shela. Washairi wa pande hizo walikuwa wakijibizana kwa mafumbo, shairi likivuka bahari kwa jahazi na jibu lake likirudi kwa jahazi. Baadaye Seyyid Said wa Oman alipoitaka Mombasa, Muyaka alisimama na Wamazrui na kuwatungia. Hapo nako walishindwa. Mwaka 1837 mji uliangukia mikononi mwa Seyyid Said, na viongozi wa Kimazrui wakakamatwa na kusafirishwa mbali. Ukipima kazi ya Muyaka kwa mambo aliyoyapigania, hesabu yake ni ya hasara tupu.

Naye hakuacha diwani. Diwani ya Muyaka tunayoijua haikutoka mkononi mwake. Alitunga, watu wakashika, wakaimba, wakarushiana, wakazeeka nayo. Alipofariki mashairi yalibaki pale alipoyaweka, vichwani mwa watu.

Mtu wa pili ndiye Mwalimu Sikujua. Katika miaka ya 1880 alianza kuyakusanya. Fanya hesabu uone alivyobanwa na wakati: kijana aliyekuwa na miaka ishirini Muyaka alipofariki, sasa alikuwa na miaka sitini na zaidi. Walioyasikia mashairi hayo kutoka kinywani mwa mtungaji walikuwa wakizikwa mmoja baada ya mwingine. Mji wenyewe ulikuwa unageuka. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wameanzisha makazi ya Frere Town ng'ambo ya maji, na mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kuendesha biashara na utawala ikafanya Mombasa kituo chake. Sikujua alifariki miaka sita kabla ya reli kuanza kujengwa.

Aliyefanya naye kazi alikuwa Mwingereza, William Ernest Taylor, mmisionari wa CMS aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880 akakipenda Kimvita kupita kiasi cha mahitaji ya mahubiri. Sikujua alikusanya mashairi na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, na akamweleza Taylor maana ya maneno magumu na kisa cha kila shairi: nani alikuwa anaambiwa, na kwa sababu gani. Taylor aliyatia katika herufi za Kilatini, akayawekea maelezo, na hatimaye karatasi zikaenda naye Uingereza. Mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya kifo cha Sikujua, Taylor alichapisha London kitabu cha methali za Kiswahili. Mashairi ya Muyaka hayakuchapishwa. Taylor alifariki mwaka 1927, na karatasi zake zikaingia katika chuo cha London ambacho leo kinaitwa SOAS. Huko ndiko William Hichens alikozichukua, na mwaka 1940, wakati dunia iko vitani, Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg.

Nilipoiweka miaka hiyo kwenye mstari mmoja nilisisimka. Kutoka kifo cha Muyaka hadi kifo cha Sikujua ni miaka hamsini. Kutoka kifo cha Sikujua hadi kitabu kuchapishwa ni miaka hamsini mingine. Nikaona nimepata insha yangu, na tiba yangu pia. Nikaandika sura nzima kwa siku nne, sentensi za kwanza nilizoziandika kwa hiari tangu ile Alhamisi.

Msimamizi wangu ni mzee mpole ambaye hukosoa kwa penseli, kwa herufi ndogo, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alinirudishia sura ile ikiwa na alama moja tu, pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Aliponiita ofisini kwake alianza kwa kuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Binti, umeandika kana kwamba mwaka 1940 ulikuwa umekaa bandarini unamngoja."

"Lakini Profesa, ndivyo ilivyotokea."

"Ilitokea. Lakini yeye hakuishi mwaka 1940. Hebu nikuulize. Meli iliyobeba karatasi zile ingezama, je, sura yako ingesema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani nimeudhika, hasa kwa kuwa alikuwa amegusa mahali penyewe. Nilikuwa nimejipa faraja ya bandia. Nilidhani ninasema kuwa mtu anaweza kufanya kazi bila kuyaendekeza matokeo, kumbe nilikuwa nasema kinyume chake: fanya kazi tu, matokeo yatakuja, hata kama ni baada ya miaka mia. Nilikuwa bado niko mbele ya ile orodha ya Alhamisi, ila sasa ilikuwa imesogezwa mbali zaidi. Na nilikuwa nimewafukuza kwenye hadithi washairi wote wa Mombasa ambao hakuna aliyewakusanya. Kama Sikujua ameshinda kwa sababu ya 1940, basi wao wote wamepoteza maisha yao bure.

Nikaamua kuiandika sura upya kwa sharti moja: meli imezama. Hakuna London, hakuna Hichens, hakuna Johannesburg. Kuna chumba Mombasa, miaka ya 1880, na mtu mwenye kalamu. Kilichomo humo kinatosha au hakitoshi?

Sharti hilo lilinilazimisha kuitazama kazi yenyewe, jambo ambalo mwanzoni nilikuwa nimeliruka. Kwanza, hati. Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kama ilivyoandikwa zamani hakikuwa na alama za kutosha kwa sauti zetu. Alama moja ilisimama badala ya e na i, nyingine badala ya o na u. Mara nyingi b na p ziligawana herufi moja, na mb ikaandikwa kama b tu. Kwa hiyo kobe, kope, kupe, kumbe na kombe huweza kuandikwa kwa umbo moja. Anayesoma ndiye anayejua ni mnyama, ni nywele za jicho, ni mdudu, ni mshangao au ni chombo. Maana yake ni kwamba karatasi peke yake haikumsaidia sana mtu. Hati ile ilikuwa ukumbusho kwa anayelijua shairi tayari, na asiyelijua alihitaji mtu wa kumsomea.

Basi Sikujua hakuweza kuifanya kazi hii akiwa peke yake na kalamu yake. Kila shairi lilikuwa lazima lipitie kinywa cha mtu. Shairi lenye fumbo bila kisa chake ni mlango bila funguo, na kisa hakikuwa ndani ya shairi, kilikuwa kwa waliokumbuka. Kazi ilikuwa kuuliza, kusikiliza, kupima, kurudia. Huyu akilitaja neno hivi, mizani yatimia? Kina chakubali? Shairi lina hesabu yake, na hesabu hiyo husaidia kumshika aliyesahau: mshororo wenye mizani kumi na tano unakupigia kelele wenyewe kuwa kuna silabi imeanguka njiani.

Najua kelele hizo, kwa sababu nilijaribu. Nilianza kunakili mashairi ya Muyaka kwa mkono kutoka kitabuni, kwa sababu ya kitafiti kabisa: nilitaka kuhesabu mizani na kuona maneno ya Kimvita yalivyokaa. Nilipanga kunakili mashairi kumi. Usiku wa kwanza nilinakili mawili. Ukiwa unasoma kwa macho unapita juu ya maneno kama basi la usiku linavyopita vijijini, lakini ukinakili unashuka kila kituo. Nilijikuta nasema silabi kwa sauti, nikizihesabu kwa vidole mezani, nikifika kwenye kina na kuona jinsi mtungaji alivyojibana kwenye kona na kutoka kwa mlango ambao sikuuona. Mwenzangu wa chumbani aliuliza kama nina mtihani. Nilipotazama saa ilikuwa saa nane za usiku. Ilikuwa miezi tisa tangu nilipopotelewa na saa kwa namna hiyo.

Na kumbuka: yale hayakuwa mashairi yangu. Hakuna shindano la kunakili. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anangoja daftari lile. Kama kazi isiyo na pa kufika haina maana, kwa nini nilikuwa nimekaa pale saa nane za usiku, miguu imekufa ganzi, nimefurahi?

Wiki iliyofuata nilikwenda Mombasa kwa bibi yangu, Mji wa Kale. Nilikuwa na orodha ya maneno yaliyonishinda. Bibi amezaliwa na kulelewa palepale na kwake macho bado ni mato. "Ndoo ukae hapa," aliniambia, akanisogezea kigoda. "Mato yangu hayaoni maandishi tena. Nisomee, nami ntakwambia."

Nilimsomea shairi moja la siasa, la zile zama za Mombasa na Lamu. Alinisahihisha matamshi mara tatu kabla sijamaliza ubeti wa kwanza. T zangu, alisema, ni za bara. Kisha akanyamaza akisikiliza, kichwa kimeinama. Nilipomaliza nilingoja aniambie kama ni zuri, au aniulize mtunzi ni nani na kitabu kimetoka wapi.

Akaniuliza, "Na Walamu walimjibuje?"

Nilikuwa nimeishi na mashairi yale miezi miwili, nina noti kurasa arobaini, na swali hilo halikuwa limenijia. Kwangu shairi lilikuwa kitu kilichokamilika, kimefungwa kwenye jalada, kinangoja kutathminiwa. Kwa bibi lilikuwa nusu ya mazungumzo. Kitu cha kwanza anachotaka kujua msikilizaji wa shairi la kujibizana ni upande wa pili ulisema nini.

Nadhani hapo ndipo sura yangu ilipopata mguu wa kusimamia. Muyaka alipomaliza shairi hakuwa na la kungoja ila jibu. Jibu lilikuja kutoka kwa mtu anayemjua, pengine siku ileile, pengine jahazi likirudi, na jibu likaamsha shairi jingine. Hatuwezi kusema hakujali matokeo. Alitunga ili ashinde, ili achome, ili achekeshe. Ila matokeo aliyoyataka yalikuwa karibu kiasi kwamba yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe, kama chumvi ndani ya chakula. Sikujua naye, katika ile meli yangu iliyozama, alikuwa na mwenziwe wa kumweleza visa na wazee wa kuwasikiliza. Alikuwa na siku ambapo mshororo uliopotea unarudi kinywani mwa mtu na mizani ikatimia. Siku hizo zilikuwa zimeshatokea kabla karatasi hazijapakiwa. Bahari haikuweza kuzifikia.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo halinipi usingizi, na msomaji mwenye macho ameshaliona. Karatasi zilikwenda Uingereza. Aliyetajwa kuwa mhariri wa Diwani ni Hichens. Jina ambalo wanafunzi hulitaja haraka ni la Taylor, na jina la Sikujua hukutana nalo kwenye maelezo ya ndani, pale ambapo mtu kama mimi anaweza kulidhania ni sentensi. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walikutana Mombasa hiyohiyo wakaamua kuwa Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na Kimvita, lugha ya Muyaka, kikawekwa pembeni. Je, kusema "alifurahia kazi yake" si njia nzuri ya kufunika yote hayo?

Inaweza kuwa. Maneno kama "usijali matokeo" huwa matamu sana kinywani mwa mtu anayedaiwa. Mwaka jana nilitafsiri vijitabu kwa ofisi moja. Malipo yalichelewa miezi mitano, na nilipouliza niliambiwa nifurahie kwanza kupata uzoefu. Mtu anayekuambia hivyo hakufundishi utulivu wa moyo, anakudhulumu.

Kwa hiyo nililazimika kutenganisha vitu vitatu ambavyo nilikuwa nimevifunga kwenye fundo moja. Kuna ujira. Huo ni haki, unadaiwa, na kuudai hakupunguzi mapenzi ya mtu kwa kazi yake. Kulitaja jina la Sikujua mahali panapostahili ni sehemu ya ujira huo, na sisi tunaoandika historia bado hatujaumaliza kuulipa. Kuna sifa: kuteuliwa, kuchapishwa, kukumbukwa. Hiyo inategemea waamuzi, vita, meli, mikutano ya wakubwa, na nani alikuwa na masanduku ya kubebea karatasi. Mtu akiipata ashukuru, na akiikosa hajapimwa chochote. Na kuna kitu cha tatu, ambacho Kiswahili chetu hukiita tu kunogewa. Kazi inakunoga. Hicho hulipwa papo hapo, au hakilipwi kamwe.

Kosa langu la ile Alhamisi lilikuwa kuidai sifa ilipe kila kitu. Nilipoikosa nikaona nimekosa na kile cha tatu, ingawa nilikuwa nimekwisha kukipokea siku nyingi nyuma, kwenye matatu na kwenye mishumaa, miaka mitatu mfululizo. Nilikuwa nakana malipo niliyoyapokea kwa mikono yangu miwili.

Msimamizi wangu aliisoma sura mpya. Penseli yake iliacha alama nyingi safari hii, na kwake hiyo ni heshima. Mwishoni aliandika kwa herufi zake ndogo: "Sasa amekaa ndani ya wakati wake." Mara moja tu aliniuliza, tukiwa tunateremka ngazi, kama bado naandika zile hadithi. Nilisema nimeanza moja.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayekwenda kuuliza maneno kwa watu wazee. Nikiandika huwa namuwazia bibi kwenye kigoda chake, na kila nikimaliza aya kadhaa nampigia simu nimsomee. Hasemi kama ni nzuri. Siku nyingine simu hukatika katikati, naye hupiga mwenyewe, kwa salio lake, aulize wale watu walijibu nini. Kuna shindano jingine mwezi ujao. Pengine nitapeleka, na wakichelewa kutangaza nitachungulia kama kila mtu, maana sijawa walii. Lakini aya ya leo asubuhi ilikuwa na sentensi moja iliyonisumbua siku tatu, na leo imekaa. Nimeshalipwa.

Kwenye daftari bado kuna yale maneno mawili niliyoyanakili kwa haraka siku ya kwanza. Sikuyafuta. Nimeongeza tu chini yake, kwa mwandiko wa polepole, jina lake kamili.